Mlango Hufunguliwa na Aliye Ndani

Leo nawaomba tuvuke bahari, twende Marekani, tukaangalie jambo ambalo nchi ile imelifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 60 na ambalo sasa linabishaniwa mahakamani, vyuoni na katika bodi za makampuni. Nazungumzia mipango ya kuwaendeleza kikazi watu wa jamii ambazo kwa muda mrefu hazikuonekana katika ofisi za biashara: Wamarekani Weusi, Walatino na wenyeji wa asili wa nchi ile. Mipango hiyo huwachukua vijana wakiwa bado shuleni au chuoni, huwaandaa kwa usaili, huwatafutia nafasi za mafunzo kwa vitendo, huwakutanisha na walezi wa kikazi, na wakishaajiriwa huendelea kuwafuatilia. Wapo wanaoiita upendeleo wa rangi, na wapo wanaoiona kuwa pambo la kampuni zinazotaka kusifiwa. Mimi nasema mipango hii inafanya kazi, na ushahidi upo. Ila nasema pia kwamba inafanya kazi kwa sharti moja: iwabane walio ndani ya ofisi, isiishie kuwafunda walio nje. Sharti hilo likisahauliwa, kinachobaki ni semina, vyeti na picha za pamoja.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1963, jijini New York, ilianzishwa taasisi ya Sponsors for Educational Opportunity, inayofahamika zaidi kwa kifupi kama SEO. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaongoza wanafunzi wa sekondari wa familia zisizojiweza hadi wafike vyuo vikuu. Mwaka 1980 ikapanua kazi hiyo, ikaanza kuwapeleka wanavyuo kufanya mafunzo kwa vitendo katika benki za Wall Street. Mwaka 1966 Profesa Sterling Schoen wa Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko St. Louis, alianzisha umoja wa vyuo uitwao The Consortium, wa kuwalipia ada Wamarekani Weusi wanaosomea shahada ya uzamili ya biashara. Kundi lao la kwanza, mwaka uliofuata, lilikuwa na watu 21, wanaume watupu. Mwaka 1970 Frank Carr akaanzisha INROADS huko Chicago, akiwa na wanafunzi 25 na kampuni 17 zilizokubali kuwapokea. Tazameni miaka hiyo. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilikuwa imeshapiga marufuku ubaguzi wa rangi katika ajira. Mtu Mweusi aliruhusiwa kuomba kazi popote. Lakini sheria haikuweza kumwamuru meneja amwite nani chakula cha mchana, amkabidhi nani mteja mkubwa, au amtaje nani nafasi ya juu inapokuwa wazi. Pengo kati ya ruhusa ya sheria na mwenendo wa ofisi ndilo lililozaa mipango hii.

Pengo hilo limepimwa. Mwaka 1974 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti aliofanya Newton, mji ulio jirani na Boston, miongoni mwa wanaume wenye kazi za kitaalamu, za kiufundi na za umeneja. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepata kazi kupitia watu wanaowafahamu, na mara nyingi watu hao hawakuwa ndugu wala marafiki wa karibu. Walikuwa watu wa kujuana nao kwa mbali, waliokaa mahali ambapo habari za kazi hupita. Basi jiulizeni: jamii iliyozuiwa kuingia katika ofisi hizo kwa vizazi kadhaa itawajua wapi watu wa namna hiyo? Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio lao. Walikuwa wametuma karibu maombi 5,000 ya kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago, wasifu ukilingana na majina tu yakitofautiana. Mwenye jina lililosikika kuwa la Kizungu alihitaji kutuma maombi kama 10 ili apigiwe simu moja. Mwenye jina lililosikika kuwa la mtu Mweusi alihitaji kama 15. Jaribio kubwa zaidi la Patrick Kline, Evan Rose na Christopher Walters, lililochapishwa mwaka 2022, lilituma maombi kama 83,000 kwa kampuni 108 kubwa. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko ile ya zamani, lakini ilikuwapo. Na takriban moja ya tano tu ya kampuni hizo ndiyo iliyobeba karibu nusu ya ubaguzi wote uliopimwa. Matokeo haya yanatufundisha jambo kubwa: ubaguzi haujasambaa sawasawa kila mahali. Umejikita katika kampuni fulani zenye taratibu fulani za kuajiri, na taratibu za kuajiri zinaweza kubadilishwa.

Sasa mipango yenyewe hufanya nini? Mtoto ambaye mama yake ni wakili na mjomba wake ni mkurugenzi wa benki hukua akisikia nyumbani mambo ambayo hayaandikwi katika tangazo lolote la kazi. Anajua kwamba benki za uwekezaji huchagua wanafunzi wao wa mafunzo mapema sana, na kwamba ajira nyingi za kudumu huenda kwa hao hao waliofanya mafunzo hapo. Anajua kwamba kampuni za ushauri wa biashara humpa msailiwa tatizo la kampuni fulani, zikamtaka alichambue kwa sauti mbele ya wasaili, na kwamba uwezo huo hujengwa kwa mazoezi ya wiki nyingi. Mtoto wa dereva wa basi anaweza kuwa na alama zile zile, akili ile ile na bidii kubwa zaidi, akafika kwenye usaili bila kujua anapimwa nini. Taasisi ya Management Leadership for Tomorrow, iliyoanzishwa na John Rice mwaka 2002, imejikita hapo hapo: humpa kijana kocha, ratiba, mazoezi ya usaili, na watu waliokwisha kupita njia hiyo. Hakuna alama anayoongezewa. Anapewa habari ambazo mwenzake alizipata bure kwa kuzaliwa katika nyumba fulani. Waswahili walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wengi wanaodai kwamba msaada huu hauhitajiki ni watu walioupokea nyumbani kwao bila kuhesabu kuwa ni msaada.

Lakini kuingia ni nusu ya safari. Mwaka 2001 David Thomas, ambaye wakati huo alikuwa profesa katika shule ya biashara ya Harvard, alieleza matokeo ya utafiti wake wa miaka kadhaa katika kampuni tatu kubwa za Marekani. Aliwalinganisha wataalamu wa jamii za wachache waliofika ngazi ya juu na wenzao waliokwama ngazi ya kati, wote wakiwa watu wenye uwezo. Waliokwama walikuwa na walezi, tena walezi wenye nia njema, lakini ulezi waliopewa ulikuwa wa kufundishwa tu: andika ripoti hivi, rekebisha hesabu hii. Waliopanda walipata zaidi ya mafundisho. Tangu mwanzoni mwa kazi walikuwa na wakubwa walioziamini nguvu zao, wakawakabidhi kazi ngumu zinazoonekana, wakawatetea zilipotokea lawama na kuwataja kwa majina katika vikao ambavyo wao wenyewe hawakualikwa. Alieleza pia kwamba Wazungu wenye vipaji walianza kupandishwa haraka mapema kabisa, ilhali wenzao wa jamii za wachache walilazimika kuthibitisha uwezo wao kwa miaka mingi zaidi kabla ya kuaminiwa. Hapo ndipo vijana wengi hukata tamaa na kuondoka, na kampuni husema kwa masikitiko kwamba watu hao hawadumu.

Maisha ya Ursula Burns yanaonyesha maana ya ulezi wa aina ya pili. Alilelewa New York na mama mhamiaji kutoka Panama, akaingia kampuni ya Xerox mwaka 1980 kama mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Wakati huo wafanyakazi Weusi wa Xerox walikuwa wameshajipanga katika vikundi vyao, wakifundishana kazi na kuwadai wakubwa wa kampuni majibu. Mwaka 1990 mmoja wa viongozi wa juu, Wayland Hicks, alimchukua Burns kuwa msaidizi wake wa ofisini. Mwaka uliofuata Paul Allaire, mkuu wa kampuni nzima, naye akamchukua kwa kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo alikaa ndani ya chumba ambamo maamuzi hufanywa, akaona jinsi yanavyofanywa, na waliomo wakamwona. Mwaka 2009 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuongoza kampuni iliyomo katika orodha ya kampuni 500 kubwa za Marekani. Uwezo ulikuwa wake mwenyewe, wala hakuna mlezi anayeweza kumpa mtu akili ya uhandisi. Hata hivyo mlango wa chumba kile haukuwa na kitasa upande wa nje, na aliyeufungua alikuwa ameketi ndani.

Kama mfano wa mtu mmoja hautoshi, tuutazame utafiti ninaouona kuwa na uzito kuliko wote katika jambo hili. Mwaka 2006 Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly walichambua takwimu za sehemu za kazi 708 za sekta binafsi, kuanzia mwaka 1971 hadi 2002. Waliuliza swali la moja kwa moja: baada ya kampuni kuanzisha mpango fulani, je, idadi ya wanawake na ya watu Weusi katika umeneja iliongezeka? Semina za kuwafundisha mameneja waache chuki hazikuleta mabadiliko ya maana. Mipango ya ulezi na ya kuwakutanisha watu ilileta mafanikio ya wastani, na ulezi uliwafaa zaidi wanawake Weusi. Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuweka mtu au kamati yenye jukumu la wazi, inayojua idadi, inayoweka malengo na inayodai majibu kutoka kwa wakuu wa idara. Na pale jukumu hilo lilipokuwapo, mipango mingine nayo ilizaa matunda zaidi. Hili ndilo fundisho ninalotaka mlibebe leo. Ulezi bila mwenye kuwajibika ni nia njema tu. Mpango unaomtuma kijana mwenye maandalizi bora katika idara ambayo mkuu wake hatawahi kuulizwa amempandisha nani, unamtuma kwenda kusubiri.

Nijibu sasa pingamizi, nikianza na lile la haki. Linasema hivi: kumsaidia mtu kwa sababu ya kundi analotoka ni kumdhulumu asiye wa kundi hilo, na kazi apewe anayestahili. Nakubali kabisa nusu ya pili ya maneno hayo. Kazi apewe anayestahili. Lakini anayestahili atajulikanaje, ikiwa wasifu ule ule husomwa tofauti kwa sababu ya jina, na ikiwa habari za kazi hupita katika mikono ya watu wanaojuana? Mpango unaomwandaa kijana kwa usaili kisha ukamwacha asailiwe kwa vipimo vile vile wanavyopimwa wenzake haujamdhulumu yeyote. Umeongeza idadi ya watu wanaopimwa sawasawa. Hata hivyo pingamizi hili lina chembe ya ukweli ambayo haifai kupuuzwa: yupo kijana Mzungu wa familia ya mchimbaji makaa ya mawe huko West Virginia ambaye naye hana mjomba benki, na mpango unaoangalia rangi peke yake hautamwona. Nitarudi kwake baada ya muda mfupi.

Pingamizi la pili ni la wachunguzi wa takwimu, nalo ni zito. Wanasema mipango hii huchagua vijana wenye akili na ari, kisha hujisifu kwamba vijana hao wamefanikiwa. Huenda wangefanikiwa hata bila mpango. Ni kweli kwamba taasisi nyingi hutangaza mafanikio yao bila kuwalinganisha na yeyote. Lakini tunalo jaribio lililojibu swali hili kwa njia safi. Tangu mwaka 2004 Jumuiya ya Wachumi wa Marekani imeendesha warsha za ulezi kwa wanawake wachumi wachanga, na kwa kuwa waombaji walizidi nafasi, walichaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa hiyo waliopata na waliokosa walikuwa sawa mwanzoni. Miaka ilipopita, waliopata ulezi walionekana kubaki zaidi katika taaluma na kupata zaidi ajira za kudumu katika vyuo vikuu vya juu. Nayo ilikuwa warsha ya siku chache tu, ikifuatiwa na kikundi cha kusomeana kazi. Jaribio jingine, katika kituo kimoja cha mauzo ya simu huko Marekani, lilionyesha kwamba wafanyakazi wapya waliopangiwa mlezi bila kuulizwa waliongeza mauzo yao, ilhali ulezi uliotolewa kwa waliojitokeza wenyewe haukuleta tofauti ya kuonekana. Wanaojitokeza ni wale ambao tayari wana ujasiri. Anayeuhitaji zaidi mara nyingi hukaa kimya, na mpango mzuri humfuata alipo.

Pingamizi la tatu hutoka upande wa pili kabisa, kwa watu wanaosema mipango hii imechukua miongo na matokeo yake ni tone. Clifton Wharton alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kuongoza kampuni iliyomo katika ile orodha ya kampuni 500 kubwa, alipoanza kuiongoza TIAA-CREF mwaka 1987. Zaidi ya miaka 30 baadaye, wakuu Weusi wa kampuni hizo hawakuwahi kufika hata 10 kwa wakati mmoja, ingawa Wamarekani Weusi ni kama asilimia 13 ya watu wa nchi ile. Uchungu wa takwimu hiyo ninauelewa. Lakini kilele si kipimo pekee. Mwaka 1994 ulianzishwa mpango wa PhD Project wa kuwahimiza watu wa jamii za wachache wasomee udaktari wa falsafa katika masomo ya biashara. Wakati huo maprofesa wao katika shule za biashara za Marekani hawakuzidi 300, na leo wamepita 1,500. Kila mmoja wao husimama mbele ya mamia ya wanafunzi kila mwaka. Na Thasunda Brown Duckett, aliyechukua uongozi wa TIAA mwaka 2021, aliingia katika kazi za fedha kupitia INROADS. Udogo wa idadi juu kabisa unathibitisha hoja yangu: mipango imefanikiwa sana kuwaingiza watu ofisini na imefanikiwa kidogo kuwapandisha, kwa sababu kuingia kunategemea maandalizi ya kijana, na kupanda kunategemea uamuzi wa mkubwa ambaye mara nyingi haulizwi na mtu.

Hivi sasa mipango hii imo katika dhoruba. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vyuo vikuu haviruhusiwi kutumia rangi katika kudahili wanafunzi. Uamuzi ulihusu vyuo, lakini mara moja makampuni ya sheria yaliyokuwa na ufadhili wa mafunzo kwa jamii za wachache yakashtakiwa, nayo yakafungua nafasi hizo kwa kila mtu. Januari 2025 serikali ya Rais Trump ikatoa amri dhidi ya mipango ya namna hii, na Machi mwaka huo vyuo 45 vikawekwa chini ya uchunguzi kwa sababu ya kushirikiana na PhD Project. Naona hofu iliyotanda ni kubwa kuliko inavyopasa, na kampuni nyingi zimepata kisingizio cha kuacha jambo ambalo hazikulipenda. Kwa maana The Consortium yenyewe ilifungua milango yake kwa watu wa rangi zote tangu miaka ya mwanzo ya 2000, mradi mwombaji aonyeshe kwa vitendo kwamba amejitoa kwa lengo la umoja huo, na kazi yake iliendelea. Hapa ndipo ninaporudi kwa yule kijana wa West Virginia. Mpango unaweza kumpokea yeye na mtoto wa dereva wa basi wa Chicago pamoja, kwa sababu wote wamekosa kitu kile kile. Kuupanua mlango si kuusaliti mpango. Usaliti ni kuvunja kamati, kufuta takwimu na kumwondolea mkuu wa idara wajibu wa kueleza, halafu kampuni ikaendelea kusema inamthamini kila mtu.

Na sisi tunahusikaje? Wapo watoto wa Afrika Mashariki waliozaliwa au kuhamia Marekani ambao hupita katika njia hizi hizi. Lakini hata hapa bara kwetu swali ni lile lile. Afrika Kusini ilimpata mhasibu wake wa kwanza Mwafrika mwenye hadhi kamili ya kitaaluma, Wiseman Nkuhlu, mwaka 1976 tu, kwa kuwa shahada peke yake haikutosha. Ilibidi kampuni ya ukaguzi ikubali kukuchukua kwa mafunzo, na kampuni hizo zilikuwa za Wazungu. Leo chama cha wahasibu cha nchi hiyo kina mfuko wa Thuthuka unaowalipia wanafunzi ada, malazi na chakula, ukawapa masomo ya ziada na walezi, na kampuni za ukaguzi zikawapokea. Huko Norway nako, mwaka 2003, shirikisho la waajiri lilianzisha mpango wa kuwaandaa wanawake kwa uongozi, na mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kutaka angalau asilimia 40 ya kila jinsia katika bodi za kampuni kubwa za hisa. Mafunzo na wajibu vilikwenda pamoja. Mpango huo ulifika kwa waajiri wa Uganda na Kenya, na hapa Tanzania Chama cha Waajiri, ATE, huuendesha kwa jina la Mwanamke Kiongozi. Ni jambo la kupongezwa. Wajibu uliobaki ni wa kampuni zinazowatuma wanawake hao: wanaporudi na vyeti vyao, nani ndani ya kampuni ameandikiwa kazi ya kuhakikisha wanapewa bajeti ya kuisimamia, mradi mkubwa wa kuuongoza na kiti katika menejimenti?

Kwa hiyo, wasikilizaji, mnapoletewa mpango wowote wa kuwaendeleza watu walioachwa nyuma, wawe wanawake, wenye ulemavu, vijana wa mikoa ya pembezoni au jamii nyingine yoyote, msitosheke na idadi ya waliofundishwa. Ulizeni wangapi wamepandishwa baada ya miaka mitano. Ulizeni nani katika uongozi anatoa hesabu hiyo mbele ya bodi, na humpata nini idadi isipobadilika. Kampuni yenye majibu ya maswali hayo inastahili kuungwa mkono hata kama semina zake ni chache. Isiyo na majibu inawaandaa vijana wetu kwa nafasi ambazo haijakusudia kuwapa, na hatuna budi kuiambia hivyo waziwazi.